Deni la Mpiga Gitaa

Madeni mengi tunayoyajua yana mambo matatu: mdai anayejulikana, kiasi kilichotajwa, na siku ya kulipa. Mkulima wa hapa Kyela akikopa fedha kwa mwenye duka wakati wa kupanda, anajua kabisa kwamba mpunga ukivunwa magunia kadhaa yatatoka uani kwake na kwenda kwa mwenye duka. Anaweza kulalamika kwamba amepunjwa, lakini hawezi kusema kwamba hadaiwi. Liko, hata hivyo, deni jingine ambalo halina hata moja kati ya mambo hayo matatu, nalo limenisumbua kwa muda mrefu. Ni deni la furaha. Mtu nisiyemjua, aliyekuwa mbali nami, alipiga gitaa na kuimba. Sauti yake ikanifikia, ikanipunguzia uchovu, ikaniliwaza siku za msiba na kunichezesha siku za harusi. Mimi sikumwomba aimbe, na yeye hakunitumia hati ya madai. Je, nadaiwa au sidaiwi?

Ndugu msomaji, usidhani kwamba nazungumza kama mtaalamu wa muziki. Sijui kupiga chombo chochote, na hata kanisani huimba kwa sauti ya chini ili nisiwaharibie wenzangu. Naandika kama msikilizaji. Wasikilizaji ndio wengi, na kama deni hilo lipo, basi sisi ndio wadaiwa.

Nilikulia katika bonde la Kyela, upande wa Ipinda, mahali ambapo mvua za masika zikianza hata njia hugeuka mto. Baba alikuwa na redio ya betri. Betri zilipochoka tulizianika juani ili zipate nguvu ya jioni moja zaidi, na jioni hiyo moja majirani walikuja kuketi barazani kwetu. Habari zilisikilizwa kwa adabu, lakini watu walikuwa wakingoja muziki. Na katika muziki huo, miongoni mwa majina tuliyoyajua mno ni yale ya bendi za Morogoro.

Jambo hili lanishangaza hadi leo. Morogoro si Dar es Salaam. Ni mji wa wastani tu chini ya milima ya Uluguru, mji wa reli, mashamba ya mkonge na matunda yashukayo kutoka milimani. Lakini mji huo ulilea bendi mbili zilizosikika Afrika Mashariki yote. Morogoro Jazz ilianza mwaka 1944. Cuban Marimba iliundwa na Salum Abdallah mwaka 1952, kijana aliyependa sana mapigo ya Kikuba, na yeye akaiongoza mpaka alipofariki kwa ajali ya gari mwezi Novemba 1965. Baada yake Juma Kilaza alishika uongozi, na bendi haikufa. Upande wa pili, Mbaraka Mwinshehe alijiunga na Morogoro Jazz katika miaka hiyo hiyo ya 1960 akiwa kijana, na gitaa lake la solo likawa sauti ya mji mzima. Mwaka 1970 alikuwa pamoja na bendi hiyo katika maonyesho makubwa ya dunia huko Osaka, Japani. Mwaka 1973 aliondoka akaunda Super Volcano, na Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa.

Wala Morogoro haikuwa peke yake. Tabora ilikuwa na Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Tanga ilikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Baadaye, katika miaka ya 1980, Iringa ikatoa TANCUT Almasi. Kwa muda mrefu nchi yetu iliimbiwa na miji yake ya wastani. Kutoka Kyela hadi Morogoro ni zaidi ya kilomita 700, na wengi wa waliokuwa wakiketi barazani kwetu hawakuwahi kuiona Uluguru mpaka wanazikwa. Hata hivyo walikuwa na ubishi mkali juu ya Kilaza na Mbaraka, kama kwamba watu hao walikuwa wakilima nao jaruba moja.

Sasa tujiulize: watu hawa walilipwaje? Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa studio ya taifa. Bendi ilisafiri hadi Dar es Salaam, ikapangiwa siku, ikarekodi nyimbo zake, ikapokea malipo madogo ya kurekodi, ikarudi kwao. Utepe ulibaki redioni, na wimbo ukapigwa leo, kesho, mtondo, na miaka thelathini baadaye. Aliyetaka santuri alilazimika kufuata viwanda vya Nairobi, kwa kuwa kwetu hapakuwa na kiwanda cha kuzifyatua. Kisha zikaja kaseti. Kila mji mdogo ukapata kibanda chake cha kurekodi: unapeleka kaseti tupu na orodha ya nyimbo uzipendazo, jioni unaifuata ikiwa imejaa. Msikilizaji alilipa. Naam, alilipa bila kulalamika! Ila alimlipa mwenye kibanda, na mwenye kibanda hakuwa ametunga hata ubeti mmoja.

Tena lipo jambo la vyombo. Baada ya Uhuru bendi nyingi zilikuwa chini ya taasisi. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, na Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa TANU. TANCUT Almasi ilikuwa ya kiwanda cha kukata almasi. Mpango huo ulikuwa na wema wake, nisiubeze. Mpiga gitaa alipata mshahara wa mwezi na kazi yake ikahesabiwa kuwa kazi. Lakini gitaa lilikuwa mali ya ofisi. Siku alipoondoka, aliliacha ghalani pamoja na spika na ngoma, akatoka mlangoni na vidole vyake tu. Fundi seremala akiachishwa kazi anaweza kununua randa na msumeno akaanza upya chini ya mti. Gitaa la umeme na mashine yake halikununulika kwa akiba ya mtu wa mshahara mdogo.

Hapa sina budi kurudi kwetu ziwani, maana hatuwezi kuelewa kilichopotea bila kutazama kilichokuwapo. Kabla ya redio, muziki wa huku haukuacha deni la namna hii. Sisi Wanyakyusa tumezika watu wetu kwa ngoma tangu zamani. Godfrey Wilson na mkewe Monica, wataalamu wa mila waliokaa Unyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika jinsi wanawake walivyolia na vijana walivyocheza kwa ngoma penye msiba. Nilipokuwa mdogo niliona nami. Mpiga ngoma hakutaja bei, wala hakuna aliyemwuliza. Lakini mtu asidhani kwamba alipiga bure. Ng'ombe alipochinjwa, fungu lake lilijulikana. Pombe ilipogawiwa, hakuachwa nyuma. Na alipougua, majirani waliingia shambani mwake na majembe yao pasipo kuitwa. Deni lililipwa bila daftari kwa sababu mdai na wadaiwa walichota maji mto mmoja. Walionana kila asubuhi. Ungewezaje kumwona kila asubuhi mtu aliyempigia baba yako ngoma ya mwisho, na usijisikie unadaiwa?

Hata muziki uliotoka mbali uliingizwa katika utaratibu huo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, gwaride la askari liligeuzwa ngoma. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni ya pwani na ndugu zake wa bara, kilichotoka mwaka 1975. Kando ya Ziwa Nyasa ndugu hao waliitwa mganda na malipenga. Vijana walijipanga mistari, wakajipa vyeo, wakapuliza vibuyu vilivyotoa sauti kama tarumbeta, wakaenda kucheza kijiji cha pili. Wenyeji waliwalisha. Msimu mwingine wenyeji wakageuka wageni, nao wakalishwa. Malipo yalikuwa ni kurudishiana: leo twala kwenu, mwakani mtakula kwetu. Matarumbeta ya kanisa, ambayo Wamoraviani na Walutheri waliyapandikiza katika milima na bonde letu, yalifuata njia hiyo hiyo. Mpuliza tarumbeta halipwi mshahara, lakini akifiwa, bendi nzima huja kumpulizia.

Redio ilivunja mzunguko huu, tena bila nia mbaya. Ilichukua sauti ya mtu na kuacha uso wake nyuma. Mtu mmoja akawapa furaha watu laki nyingi, na kila mmoja wa hao laki nyingi akadaiwa kidogo sana, kiasi ambacho hata senti haikitoshi kukipima. Deni la mtu mmoja kwa mtu mmoja hulipwa. Deni la watu wote halilipwi na yeyote, kwa kuwa kila mmoja humtazama mwenzake. Wahenga walisema mtoto wa wengi hulala njaa, wala sioni kwa nini isiwe hivyo kwa mwimbaji wa wengi.

Nitatoa mfano niliouona. Hapa kwetu yupo mzee ambaye sitamtaja jina. Alipiga gitaa la rithimu katika bendi ya mji mmoja wa bara kwa miaka kumi na mitano. Bendi ilipokufa alirudi Kyela, akalima mpunga, akapanda mikakao michache, na kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vyepesi akawa fundi baiskeli. Wimbo mmoja alioutunga yeye bado hupigwa katika harusi za huku. Watu huuita kwa jina la bendi, na wengine kwa jina la mwimbaji aliyeuimba. Aliyeutunga yupo hapo chini ya mwembe, anaziba pancha.

Mwaka mmoja aliugua mguu, ikalazimu apasuliwe Mbeya. Wazee waliunda kamati ya kuchangisha, na kwa kuwa mimi ni mwalimu mstaafu nikapewa daftari. Nilipokwenda kumjulia hali alilitazama, akaniuliza:

"Mwalimu, hapo juu umeandika nini?"

"Nimeandika Msaada wa Matibabu, mzee wangu."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Atakayenisaidia nitamshukuru, maana nina shida. Lakini wale waliocheza wimbo wangu kwenye harusi zao, hao usiwaandike kwamba wamenisaidia. Andika kwamba wamelipa."

Nililipeleka neno hilo kwenye kamati kama lilivyo, na nusu ya alasiri ikaishia hapo. Mzee mmoja alisema: "Huyu alishalipwa. Bendi ilimpa mshahara. Wewe mwalimu, mtoto uliyemfundisha kusoma, unamdai kila anaposoma gazeti?" Watu wakacheka. Mama mmoja, mwuza usipa, akajibu: "Harusi ya mwanangu nilimlipa mwenye spika, nikamlipa mwenye turubai, nikamlipa na mpiga picha. Aliyetunga wimbo ule hakupata hata soda. Mimi nadaiwa, niandikeni." Wa tatu, mtu wa hesabu, akauliza swali lililokuwa zito kuliko yote: "Tukisema ni msaada, tunatoa leo tunamaliza. Tukisema ni deni, ni kiasi gani, na litakwisha lini?"

Nimeyawaza maneno hayo matatu mara nyingi. Nianze na lile la mshahara, maana lanihusu. Ni kweli kwamba simdai mtu niliyemfundisha kusoma. Wala fundi mwashi hadai shilingi kila mtu anapoingia katika nyumba aliyoijenga. Alilipwa nyumba moja, akajenga nyumba moja, wakaachana kwa amani. Lakini wimbo si kama nyumba. Kila mahali unapopigwa ni kana kwamba nyumba mpya imejengwa, na mara nyingi mlangoni pameketi mtu anayetoza kiingilio. Mwenye ukumbi anatoza, mwenye spika anatoza, mwenye kibanda cha kaseti alitoza. Ikiwa wimbo unaleta fedha, na fedha hizo zinagawanywa kwa wote isipokuwa aliyeutunga, hapo haki imepinda, wala haihitaji mwanasheria kuliona hilo. Lakini mwanamke anayepalilia mpunga huku akiuimba wimbo huo huo hadaiwi shilingi hata moja. Hakuna aliyemlipa kwa kuimba. Yeye ameufanya wimbo kazi ambayo nyimbo zimeumbiwa. Basi mpaka wa kwanza ni huu: penye fedha, mtunzi awe na fungu lake, penye furaha tupu, panatosha shukrani.

Wapo watakaosema kwamba nyimbo ni kama hewa, hazina mwenyewe. Hao ningependa wakumbuke habari moja ya Johannesburg. Mji huo si mgeni katika vijiji vyetu, maana kabla ya Uhuru vijana wengi wa huku walichukuliwa na Wenela kwenda migodini Afrika Kusini, na walirudi na masanduku, makoti, na gramafoni. Katika mji huo, mwaka 1939, Mzulu mmoja aitwaye Solomon Linda alirekodi wimbo wake "Mbube" pamoja na kundi lake. Alipewa shilingi chache, na haki zote zikabaki kwa kampuni. Wimbo ukavuka bahari, ukabadilishwa maneno, ukawa maarufu Marekani na duniani kote, hata ukatumika katika filamu ya katuni ya mwaka 1994 iliyotazamwa na mamilioni ya watoto. Linda alikufa maskini mwaka 1962. Ilikuwa mwaka 2006 ndipo binti zake walipofikia mapatano na kupata fungu. Angalia sasa: miaka yote hiyo watu walisema wimbo ule ni wa wote. Lakini fedha zake hazikuwa za wote hata siku moja. Anayesema kwamba wimbo ni hewa, mara nyingi ameshika mfuko wa kukusanyia hewa hiyo.

Na sheria je? Zipo. Nchi yetu ilikuwa na sheria ya hakimiliki tangu mwaka 1966, na mwaka 1999 ikatungwa nyingine, Sheria Namba 7, iliyozaa COSOTA. Ni jambo jema, wala sitaki kulipuuza. Lakini sheria hukusanya kutoka kwa wale wanaoweza kuhesabiwa, kama vituo vya redio na kumbi, na huwapa wale ambao majina yao yameandikishwa. Mzee wetu fundi baiskeli hakuwa na karatasi yoyote. Wenzake waliokuwapo siku ya kurekodi wengi wamekwisha fariki. Ushahidi wake wote ni kwamba anajua kwa nini ubeti wa pili una jina la mwanamke fulani, na mwanamke huyo alikuwa nani. Mahakama haiwezi kuupokea ushahidi wa namna hiyo. Jirani anaweza.

Sasa lile swali la tatu, la deni lisilo na kiasi. Mwuliza swali alidhani kwamba kitu kisichopimika hakipo. Lakini madeni makubwa kuliko yote tuliyo nayo hayapimiki. Nani amewahi kumaliza deni la mama? Na kwa kuwa haliishi, je, tunasema halipo? Tunalipa kila tunapoweza, na tukijua kwamba halitakwisha hatuliachi, bali tunaliishi. Msaada na malipo vinaweza kuwa noti ile ile kutoka mfuko ule ule. Tofauti iko kwa yule anayeinama. Nikikupa msaada, unainama wewe. Nikikulipa, nainama mimi. Mzee yule hakukataa kuinama kwa sababu ya majivuno. Alikuwa amekwisha kiri mbele yangu kwamba ana shida. Alichokataa ni kuinamishwa kwa kazi aliyoifanya. Kumwita mtu unayemdai "mwombaji" si uchoyo wa fedha tu, ni kumnyang'anya kazi yake mara ya pili.

Mwishowe kamati iligawa daftari kurasa mbili, moja Msaada na nyingine Malipo, kila mtoaji akachagua. Matajiri wengi walichagua ukurasa wa kwanza, na walitoa vizuri. Ukurasa wa pili ulikuwa na fedha kidogo lakini majina mengi. Kijana mmoja wa bodaboda alitoa shilingi 500 akasimama pale mpaka ahakikishe nimemwandika upande wa malipo. Nilipompelekea mzee daftari, aliniomba nianze kumsomea ukurasa wa pili.

Lipo jambo jingine ambalo kamati haikulitaja, nami naona ni zito kuliko fedha. Tuliwaita wanamuziki wahuni. Baba wale wale waliogombania betri ili wamsikie Mbaraka, kijana wao aliposema anataka kujifunza gitaa, walimfukuza nyumbani. Mpiga gitaa alipoposa, aliambiwa atafute kazi kwanza. Tulipenda wimbo, tukamnyima mwimbaji binti. Nakiri kwamba baadhi yao walikunywa na kuzurura. Lakini walevi nimewaona pia miongoni mwa walimu, makarani na wavuvi, na hakuna aliyesema kwamba ualimu ni uhuni. Tulilipunguza deni letu kwa kumdharau mdai, maana ni rahisi kutomlipa mtu uliyekwisha mdharau.

Wengine watasema kwamba mambo hayo yamepita. Siku hizi wanamuziki vijana wanapanda magari ya fahari. Rayvanny, aliyezaliwa Mbeya hapo jirani, alipata tuzo ya BET huko Marekani mwaka 2017. Nyimbo huhesabiwa kila zinaposikilizwa kwenye simu. Nafurahi, tena sana. Lakini wale wachache tunaowaona kwenye televisheni wasitufanye tuwasahau waliomo kati yetu. Vikundi vya ing'oma vya Kyela huitwa kumpokea kiongozi, wakapiga juani saa tatu wakimngoja, na kiongozi akiisha kupita wanapewa maji na nauli isiyotosha. Wapuliza tarumbeta hushinda njaa kwenye mazishi huku wageni wakila. Katika kadi za simu za vijana wetu zimo nyimbo mia mbili zisizo na jina la mtu, zimeandikwa namba tu. Huko ndiko deni linakozaliwa upya kila siku.

Nimefikia wapi basi? Sidhani kwamba naweza kumlipa Salum Abdallah, wala Mbaraka, wala yule aliyeshika besi nyuma yao ambaye hakuna anayemkumbuka. Wametangulia. Lakini mila yetu ya mganda inanifundisha kwamba aliyenilisha jana si lazima awe ndiye nitakayemlisha leo. Muhimu ni kwamba zamu yangu ya kulisha nisiikimbie. Mwanamuziki aliye karibu nami ndiye anayepokea kwa niaba ya wale walio mbali. Kwa hiyo bendi ikija Kyela mjini nalipa kiingilio, siingii kwa kujuana na mwenye mlango. Kwenye msiba nawaulizia wapiga ngoma kama wamekula kabla sijanawa. Na wimbo ukipigwa mahali nilipo, nikimjua aliyeutunga, namtaja kwa jina, hata kama vijana watanicheka.

Hilo la jina laweza kuonekana dogo. Mimi naliona ndilo msingi. Kwa Kinyakyusa tukishukuru twasema ndaga, na tukizidisha twasema ndaga fijo. Ni neno jepesi, halina gharama. Lakini haliwezi kusemwa hewani. Lazima awepo mtu wa kuambiwa. Redio ilitupa sauti bila uso, na simu inatupa sauti bila hata jina. Kazi ya kumtafuta mwenye sauti imebaki kwetu sisi tuliofurahishwa. Wala si lazima tuanzie Morogoro. Kwa wengine wetu njia ya kwanza yaishia chini ya mwembe, penye baiskeli zilizopinduliwa.